Thieta ya Kirumi ya Mérida: yanayosemwa na yaliyo kweli

Warumi wakitajwa, wengi wetu huona panga, damu na simba. Ndiyo maana wageni wanaofika Mérida, mji wa kusini-magharibi mwa Hispania, husimama mbele ya jukwaa la thieta na kuuliza wapiganaji waliuana upande gani. Hawakuuana hapo. Thieta hiyo, iliyojengwa mwaka 16 au 15 KK kwa ufadhili wa Marcus Agrippa, mkwewe Kaisari Augusto, ilikuwa ya maigizo. Wapiganaji walikuwa na uwanja wao wa duara refu, wa mwaka 8 KK, hatua chache tu kutoka hapo.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba zile nguzo ndefu zimesimama miaka elfu mbili bila kutikisika. Kwa karne nyingi thieta ilifukiwa na udongo. Kilichochomoza ni mabonge saba ya ngazi za juu za watazamaji. Wenyeji waliyaita Viti Saba, wakasimulia kwamba wafalme saba wa Kiislamu walikaa pale kuamua hatima ya mji. Simulizi tamu, lakini ni simulizi. Uchimbaji ulianza mwaka 1910 chini ya José Ramón Mélida, na nguzo zikakutwa zimelala vipande vipande. Jukwaa unaloliona leo liliinuliwa upya katika karne ya 20, sehemu kubwa chini ya msanifu José Menéndez-Pidal. Kwangu hilo haliipunguzii thieta heshima hata kidogo. Kazi ya kutambua jiwe lipi lilikaa juu ya lipi ni kazi ya kuvuliwa kofia, na mgeni anastahili kuambiwa.

Na zile sanamu kati ya nguzo? Ni nakala. Za asili, pamoja na ile ya mungu wa kike aliyeketi, anayeitwa Ceres, zimehifadhiwa ng'ambo ya barabara, katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kirumi. Inasikitisha kuona watu wakiipita wakidhani ni stoo ya vigae. Wengine huingia, wakaona matao marefu ya matofali, wakaamini jengo lenyewe ni la Warumi, kumbe ni la msanifu Rafael Moneo, lililofunguliwa mwaka 1986. Kilicho cha Warumi kiko chini ya sakafu: nyumba na makaburi ya kale yaliyoachwa palepale yalipokuwa. Teremka ukaone. Ukiwa mbele ya sanamu nyeupe, kumbuka pia kwamba Warumi walizoea kuzipaka rangi. Weupe huo ni jiwe lililobaki baada ya rangi kuchakaa.

Kuna pia wanaosema njia ziitwazo vomitoria zilikuwa za walevi kutapikia. Neno ni la kutapika kweli, lakini kinachotapikwa ni watu: ni milango iliyomwaga watazamaji nje upesi, na thieta hii ilichukua takriban 6,000. Wakubwa walikaa chini karibu na jukwaa, wanyonge juu kabisa.

Wala si magofu yaliyokufa. Mwaka 1933 mwigizaji Margarita Xirgu aliigiza hapo tamthilia ya Medea ya Seneca, mwandishi wa Kirumi mzaliwa wa Córdoba, Hispania, na tamasha lililoanza mwaka ule bado hufanyika kila kiangazi. Ukipata tiketi, chagua ngazi za juu, walikokaa wanyonge: jukwaa lote utaliona.