Programu Haina Macho: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Ugunduzi wa Vifaa Mtandaoni

Fundi anaweza kusimama mbele ya swichi ambayo taa zake zote zinawaka, akaziona kompyuta za ofisi nzima zikifanya kazi kupitia swichi hiyohiyo, na papo hapo programu ya usimamizi wa mtandao ikamwonyesha kwa maandishi mekundu kwamba swichi haipatikani. Dhana nyingi potofu huzaliwa hapo, kwa kuwa anayeusoma ujumbe huo hudhani kwamba programu imekwenda, imechungulia, na imekikuta kifaa hakipo. Programu haina macho. Hutuma swali, husubiri jibu kwa sekunde chache ilizopangiwa, na jibu lisipofika huandika kwamba halikufika. Sababu yake anaachiwa fundi aitafute. Maswali hayo kwa sehemu kubwa huulizwa kwa SNMP, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, ambayo hupokea maswali kwenye poti 161 (namba ya mlango wa huduma, si tundu la waya) ya UDP, njia nyepesi ya kutuma pakiti, yaani vifurushi vya data, na UDP haimwahidi mtumaji kwamba pakiti yake itafika wala kwamba ataarifiwa ikipotea njiani.

Dhana: Kifaa kinachojibu pingi lazima kigunduliwe, na kisichojibu kimezimwa.

Pingi, yaani pakiti fupi ya kuuliza kama kifaa kipo, na SNMP ni huduma mbili zisizotegemeana. Ruta ya MikroTik hutoka kiwandani huduma ya SNMP ikiwa imezimwa, hivyo itajibu pingi mwaka mzima bila kujibu hata swali moja la programu mpaka mtu aiwashe. Kompyuta ya Windows nayo, katika mipangilio yake ya awali, huzuia pingi zinazoingia kutoka nje ilhali mwenyewe ameketi mbele yake akiandika barua. Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba baadhi ya programu, LibreNMS ikiwamo, hupiga pingi kwanza na kukataa kukisajili kifaa kisichoijibu, hata kama SNMP yake ni nzima kabisa. Anayekutana na hali hiyo hana haja ya kugusa mipangilio ya SNMP. Aruhusu pingi kutoka kwenye seva inayoendesha programu hiyo, au aielekeze programu isajili kifaa bila sharti hilo.

Dhana: Ujumbe kwamba muda wa kusubiri umekwisha ni ushahidi kuwa mtandao ni mbovu au una kasi ndogo.

Dhana hii ndiyo inayopoteza muda mwingi kuliko nyingine zote, nami sitaipita haraka. Katika matoleo ya 1 na 2c ya SNMP, anayeuliza hujitambulisha kwa neno moja la siri ambalo mafundi huliita komyuniti, na neno hilo likikosewa hata herufi moja, kifaa hakimjibu muulizaji kwamba amekosea. Hulitupa swali na kunyamaza. Kwa hiyo neno lililokosewa, orodha ya anwani zinazoruhusiwa ambayo haikuitaja seva, fayawoli (kichujio cha pakiti) iliyofunga poti 161, na huduma inayosikiliza ndani ya mashine yenyewe tu, vyote vinne humletea fundi ujumbe uleule mmoja, sawasawa na waya uliokatika. Sababu hiyo ya nne huwapata sana watumiaji wa Ubuntu na Debian, kwa sababu snmpd, programu inayojibu maswali ya SNMP, ikisakinishwa humo husikiliza kwenye 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, peke yake. Amri ya ss -lun ndani ya mashine hiyo huonyesha jambo hilo kwa mstari mmoja.

Njia ya kuzitenganisha sababu hizo ni kuacha kutazama skrini ya programu na kuzitazama pakiti zenyewe. Fungua madirisha mawili kwenye seva ya usimamizi. Katika la kwanza endesha tcpdump -ni any udp port 161, amri inayoonyesha pakiti zinazopita, na katika la pili uulize kwa mkono kwa snmpwalk, amri inayosoma tawi zima la taarifa za kifaa, kwa mfano snmpwalk -v2c -c nenolako 10.20.0.1 1.3.6.1.2.1.1. Ukiona swali halitoki kabisa, tatizo liko kwenye seva. Ukiona swali linatoka na hakuna kinachorudi, shuku njia, orodha ya anwani zinazoruhusiwa, au neno la siri. Ipo hali ya tatu, na hiyo ndiyo iliyowahi kutusumbua siku mbili katika tawi moja la taasisi niliyokuwa nikiihudumia: swali lilikwenda 10.20.0.1, na jibu likarudi kutoka 172.16.5.2.

Wakati huo mwenzangu alikuwa amekwisha kubadilisha waya mara mbili na kuizima ruta na kuiwasha tena mara zisizohesabika. Ruta haikuwa na kosa lolote la kifaa. Ilikuwa na anwani mbili, ikapokea swali kwa anwani moja na kulijibu kwa anwani ya njia ya VPN (njia ya faragha inayopita juu ya mtandao mwingine), kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na seva kwa hesabu za ruta. Fayawoli ya seva, ambayo huruhusu jibu litoke kwa yule tu aliyeulizwa, ikaliona jibu hilo kuwa pakiti ngeni na kulitupa. Tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla ya fayawoli ya mashine hiyohiyo kuitupa, na bila hilo tungeendelea kununua waya. Tuliisajili ruta kwa anwani iliyokuwa ikijibu, na ndani ya dakika tano rangi nyekundu ikatoweka.

Kuchelewa kwa kweli nako kupo, hasa katika vituo vinavyotumia satelaiti za kimo cha kilomita 35,786, ambako swali na jibu lake huchukua zaidi ya nusu ya sekunde. Snmpwalk kwa kawaida yake husubiri sekunde moja kwa kila jaribio, na programu ikiuliza vipengele elfu moja kimoja kimoja kwa sekunde 0.6, zoezi zima linakuwa la dakika kumi. Katika hali hiyo ongeza muda wa kusubiri na utumie maswali ya jumla ya toleo la 2c, ambayo huleta majibu mengi kwa safari moja.

Dhana: Kifaa kikishaonekana kwenye orodha, mipangilio imekamilika.

Jina la kifaa na maelezo yake huweza kuingia vizuri, kisha grafu za poti (hapa ni matundu ya waya), diski na kumbukumbu zisionekane kamwe. Katika snmpd ya Ubuntu, mipangilio ya awali humpa muulizaji ruhusa ya kuona tawi la 1.3.6.1.2.1.1, yaani jina, maelezo na muda tangu mashine iwashwe, pamoja na sehemu ndogo ya tawi la 25. Taarifa za poti ziko kwenye tawi la 2, ambalo limefichwa. Programu hailalamiki, kwa sababu imeuliza ikaambiwa kwamba huko hakuna kitu, nayo imeamini. Rudia snmpwalk kwenye 1.3.6.1.2.1.2; ukirudishiwa mstari mmoja wa kusema hakuna kilichopo, fungua faili la mipangilio upanue eneo linaloruhusiwa.

Majibu yakianza vizuri na kukatika katikati, daima mahali palepale, chanzo huwa ni kingine: jibu kubwa limegawanywa vipande njiani na VPN haipitishi vipande hivyo. Punguza idadi ya vipengele vinavyoombwa kwa swali moja.

Dhana: Kifaa hakigunduliki kwa sababu faili la MIB la mtengenezaji halijapakiwa.

MIB ni kamusi. Kazi yake ni kumgeuzia binadamu tarakimu ziwe majina, na kifaa hakijui kama unayo wala hakijali. Programu hukitambua kifaa kwa namba ya mtengenezaji inayoanza na 1.3.6.1.4.1, ambapo 9 ni Cisco, 2011 ni Huawei na 14988 ni MikroTik. Modeli mpya isiyokuwamo kwenye orodha ya programu huingia kama kifaa cha kawaida kisicho na aina, na dawa yake ni kusasisha programu au kuiandikia kigezo.

Dhana: Toleo la 3 hukataa kwa sababu saa ya kifaa na saa ya seva hazilingani.

Nimesikia ushauri huu ukitolewa kwa kujiamini sana, na asili ya kosa inaeleweka, kwani toleo la 3, ambalo nyaraka zake za sasa zilitolewa Desemba 2002, kweli hukataa pakiti inayozidi dirisha la sekunde 150. Hata hivyo sekunde hizo hazihesabiwi kwa saa ya ukutani. Kila kifaa huhesabu kimewashwa mara ngapi na sekunde ngapi zimepita tangu kilipowashwa mara ya mwisho, na seva huzikumbuka hesabu hizo chini ya kitambulisho cha injini ya SNMP ya kifaa hicho. Kifaa kinachodhani tuko mwaka 1970 kitajibu toleo la 3 bila tatizo.

Mashaka ya kweli yako kwenye kitambulisho hicho. Mashine mbili pepe (kompyuta zinazoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) zilizonakiliwa kutoka mashine moja hubeba kitambulisho kimoja, seva ikazichanganya hesabu zake, na matokeo yake leo inajibu hii na ile inakataliwa, kesho kinyume chake. Kwenye Linux simamisha snmpd, ondoa kitambulisho kilichohifadhiwa chini ya /var/lib/snmp, uanze upya na uwaunde watumiaji tena. Kuwaunda tena ni lazima, kwa kuwa funguo za watumiaji zimetengenezwa kwa kuchanganya nywila na kitambulisho hicho. Kikibadilika, nywila ileile iliyokuwa ikikubalika jana inakataliwa. Upande mwingine, toleo la 3 lina fadhila ambayo matoleo yaliyotangulia hayana: mtumiaji asipojulikana au nywila ikikosewa, kifaa hurudisha taarifa inayosema hivyo, badala ya kunyamaza.

Wapo wanaokwepa usumbufu huo kwa kurudi toleo la 1. Toleo hilo halibebi vihesabio vya biti 64, na kihesabio cha biti 32 kwenye poti ya gigabiti 1 iliyojaa hurudi sifuri kila baada ya sekunde 34. Seva inayouliza kila dakika tano itachora grafu nzuri ya uongo.

Dhana: Ukipanua eneo la kutafuta, vifaa vyote vitapatikana.

Eneo la anwani linaloandikwa /16 lina anwani 65,534 zinazoweza kupewa vifaa. Programu ikiuliza moja moja na kusubiri sekunde mbili kwa kila anwani isiyo na mtu, kazi hiyo inamaliza zaidi ya saa 36, na vifaa vilivyo nyuma ya ruta inayofanya NAT, yaani kuvificha vifaa vingi chini ya anwani moja, bado havitaonekana, maana kutoka nje vyote ni anwani moja. Ni afadhali kuanza na ruta chache unazozijua na kuiacha programu isome majedwali yao ya ARP (orodha ya vifaa vilivyo karibu na anwani zao) na majirani wa LLDP, itifaki ambayo kwayo kifaa hujitangaza kwa jirani yake. Hapo napo kuna mtego: tangazo la LLDP, ambalo kwa kawaida hutumwa kila sekunde 30, limekusudiwa liishie kwa jirani wa kwanza, kwa hiyo swichi isiyoelewa LLDP iliyo katikati inaweza kuikata ramani vipande viwili, au, ikiwa ni ya bei rahisi na hulipitisha tangazo hilo, ikafanya swichi mbili zilizo mbalimbali zionekane kama zimeunganishwa kwa waya mmoja.

Dhana: Programu ikidai kwamba kifaa kipo tayari, imeharibika.

LibreNMS hukataa kusajili kifaa ambacho jina lake limeshatumiwa na kingine, kwa nia njema ya kuzuia ruta moja yenye anwani tano isiingizwe mara tano. Sasa, ruta za MikroTik zote hutoka kiwandani zikiitwa MikroTik. Ya kwanza huingia, ya pili hukataliwa, na fundi huapa kwamba hajawahi kuisajili. Ukaguzi huo unaweza kuzimwa, lakini kuuzima ni kujitafutia kazi, kwani tahadhari itakapofika usiku wa manane kwamba “MikroTik” haipatikani, utaanzia wapi? Ipe kila ruta jina la mahali ilipo.

Dhana: Mambo yakigoma, futa kifaa ukisajili upya.

Kufuta huondoa pia grafu zote za nyuma, na kosa lililokuwa kwenye kifaa hubaki palepale likingoja usajili mpya. Kisa cha kawaida ni swichi iliyowashwa upya ikazipa poti zake namba tofauti na za awali, hata grafu ya poti ya mhasibu ikaanza kuonyesha matumizi ya kamera za getini. Endesha ugunduzi wa kifaa hicho kimoja ili programu isome namba mpya, na kwenye Cisco uongeze snmp ifmib ifindex persist, kisha uhifadhi mipangilio kabla ya umeme kukatika tena.