Pwani ya Big Sur huonwa gari likiwa limesimama

Kuna dada mmoja wa Arusha aliwahi kunipigia simu kutoka Los Angeles. "Kaka, tumekodi lile gari la kulala humohumo. Tunapanda nalo hadi San Francisco kwa njia ya baharini. Tusimame wapi?" Nikamwambia wageuze safari, waende kwanza San Francisco kwa barabara ya bara, ndipo washuke na bahari. Akacheka, akidhani namtania.

Sikuwa natania. Huu mwaka wa tisa kazi yangu ni kukabidhi magari-nyumba kwa wateja huku California: namwonyesha mtu tangi la maji safi, matangi ya maji machafu, valvu ya gesi na swichi ya jenereta, namzungusha uwanjani, kisha namkabidhi funguo. Karibu kila mteja huniuliza habari za kuendesha. Kuendesha ndiyo sehemu rahisi. Dereva wa Big Sur, ile pwani ya milima iliyo kati ya Los Angeles na San Francisco, haoni bahari, anaona kona. Atakachokiona kweli ni pale atakapozima injini, kwa hiyo kubwa la kujifunza ni kusimama: upande gani, saa ngapi, na gari lako lina urefu gani.

Tuanze na upande. Marekani gari hupita kulia. Ukitoka kaskazini kwenda kusini, Bahari ya Pasifiki iko kulia kwako, upande uleule wa vituo vingi vya kutazamia. Unaingia kwa kulia, unatoka kwa kulia. Ukienda kaskazini, kila kituo ni lazima ukate kushoto mbele ya gari linalochomoza konani, na wewe una mita saba na nusu za kupitisha. Hilo si bajaji. Jambo jingine: kiti cha abiria, ambacho huku kiko kulia, ndicho kinachoning'inia juu ya genge. Kama mwenzio anaogopa vimo, mwambie kabla, asije akalijua hilo kwenye kona ya tatu. Na sisi tuliozoea kushoto tujichunge zaidi asubuhi, tunapotoka kituo cha mafuta na barabara haina gari hata moja la kutukumbusha. Mimi mwenyewe iliwahi kunitokea hivyo, nikakumbushwa na honi ya lori.

Barabara ninayoisema ni Highway 1, kipande cha kati ya Carmel, kaskazini, na San Simeon, kusini, kama kilomita 145. Milima ya Santa Lucia haikuacha ufuo wa kupitisha barabara. Imeshuka moja kwa moja hadi majini, kwa hiyo njia ilichongwa ubavuni mwa mlima. Kazi ilichukua miaka 18 hadi barabara ikafunguliwa 1937, na sehemu yake ilifanywa na wafungwa wa gereza la San Quentin. Ndiyo maana mahali pengi hakuna bega la barabara, ile nafasi ya pembeni. Kioo chako cha kushoto kinapishana na kioo cha mwenzio, na cha kulia kinapishana na hewa.

Unapoteremka usikanyage breki mfululizo. Gari hili limebeba nyumba, na breki zikipata moto hazishiki. Weka gia nzito, uiachie injini ilizuie gari. Ukiona magari matano nyuma yako, sheria ya California inakutaka uyapishe kwenye sehemu ya kutokea pembeni. Wapishe mapema. Anayekusukuma nyuma ndiye anayekufanya upite kituo kizuri bila kukiona.

Sasa vituo. Daraja la Bixby, lililokamilika 1932, limeruka bonde kwa upinde mmoja wa zege kama mita 80 kutoka chini, na kila mtu anataka picha yake. Eneo la kuegesha ni dogo. Nimeona magari-nyumba yameacha mkia barabarani huku wenyewe wakijipiga picha. Kama hukufika saa moja au saa mbili asubuhi, pita. Kuhusu Pfeiffer Beach, ule ufuo wenye michirizi ya mchanga wa zambarau, sitaki hata kujadiliana na wateja. Njia yake ni nyembamba na magari-nyumba yamepigwa marufuku.

Mahali ninaposisitiza watu wasimame ni McWay. Pale maporomoko ya maji ya mita 24 yanatua juu ya mchanga wa ghuba ndogo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuishukia. Ukiyatazama utadhani yalikuwa hivyo tangu dunia kuumbwa. La hasha. Hadi 1983 maji yale yalikuwa yakidondoka baharini moja kwa moja. Mlima wa jirani ukaporomoka, bahari ikabeba udongo ikaumwaga ghubani, ukawa ufuo. Mlima haujatulia hadi leo. Mei 2017, pale Mud Creek, ulishuka ukaifukia barabara na kuongeza takriban hekta 5 za nchi kavu mahali palipokuwa maji. Barabara ilifunguliwa tena Julai 2018. Kuanzia Januari 2023 maporomoko yalifuatana hata njia ya moja kwa moja ikakatika kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo asubuhi ya safari, kabla hata ya chai, angalia ramani ya Caltrans, idara ya barabara ya jimbo. Ukishaingia Big Sur, sehemu kubwa haina mtandao wa simu, na njia mbadala, Highway 101, iko upande wa pili wa milima.

Hapo McWay angalia na juu. Ukiona ndege mweusi, mabawa yake karibu mita tatu na kila bawa lina namba, huyo ni kondori wa California, jamaa ya tumbusi. Mwaka 1987 wa mwisho aliyebaki porini alikamatwa ili kunusuru kizazi, wote duniani wakiwa 27. Big Sur walianza kurudishwa 1997.

Kulala kando ya barabara ni marufuku, na vibao vimewekwa. Kambi ya Kirk Creek iko ukingoni kabisa mwa genge, na ukiamka unaona bahari kabla hujashuka kitandani. Lakini haina maji ya kunywa wala umeme. Nafasi hufunguliwa miezi sita kabla, na huwa hazikai. Kambi ya Pfeiffer Big Sur iko ndani, chini ya miti mirefu ya redwood. Huko wanauliza urefu wa gari, na wanauliza kwa futi. Pima mwenyewe kutoka bampa hadi ngazi ya nyuma. Jaza maji na mafuta, na umwage maji machafu, ukiwa bado Monterey au Carmel. Mafuta ya njiani yapo, ila bei yake itakukata hamu ya chakula.

Wageni kutoka kwetu huja Julai wakidhani kiangazi ni jua. Hapa kiangazi ni ukungu. Upepo wa kaskazini magharibi husukuma maji ya juu mbali na pwani, na ya kilindini, baridi mno, hupanda kushika nafasi yake. Hewa yenye unyevu ikipita juu yake hupoa ikageuka ukungu, na joto la bara huuvuta ndani. Septemba na Oktoba ndizo safi. Maji yenyewe ni baridi mwaka mzima. Mtoto wa Pangani atayakimbilia kwa furaha na kurudi mbio zaidi.

Milima inaisha karibu na Piedras Blancas, kaskazini kidogo ya San Simeon. Ardhi inakuwa tambarare, maegesho ni mapana, na chini yake wamelala sili-tembo, wanyama wakubwa wa baharini, kwa mamia, wanapiga kelele na kunuka. Walianza kukaa pale 1990. Januari madume, wengine zaidi ya tani mbili, wanapigania majike huku watoto wakizaliwa.

Dada wa Arusha alinisikiliza, akazunguka. Siku tatu baadaye nikapata picha kutoka Piedras Blancas: watoto wanakula wali kwenye meza ya gari, dirishani weupe mtupu. "Tumefika saa mbili," aliandika. "Sili tunawasikia tu. Hatuondoki mpaka ukungu ufunguke."