Ala ya bastola ni nini?

Watu wa pwani neno ala tunalo tangu zamani. Ni kifuko kigumu, cha ngozi au cha mti, kinachovikwa kisu, jambia au upanga. Ala ya bastola ni ndugu yake, ila kazi yake ni nzito zaidi: ya kisu inafunika makali, ya bastola inafunika kifyatulio, kile kichuma kinachovutwa kwa kidole ili risasi itoke.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mtu anapata leseni kihalali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anatoa fedha nyingi kununua bastola, kisha anaichomeka kiunoni, kati ya suruali na tumbo. Kuchomeka si kubeba. Bastola nyingi za siku hizi, mfano Glock iliyoanzia Austria miaka ya 1980, hazina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Risasi ikiwa ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa tayari kufyatuliwa, na kifyatulio kikavutwa hadi mwisho, inatoka, awe aliyekivuta ni kidole, pindo la shati au kamba ya koti.

Mjomba wangu ana duka la jumla hapa Tanga mjini. Alikuwa na kifuko cha ngozi laini alichokipata kwenye mitumba. Siku moja aliitoa bastola, akaweka magazini, kile kisanduku cha risasi, pembeni, chemba tukaikagua wote wawili. Nikamwomba airudishe polepole. Mdomo wa kifuko ulikuwa umelegea. Ukajikunja, ukingo wake ukaingia kwenye duara la kifyatulio. Kifyatulio kikavutika, tukasikia "ta!" Akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Mjomba, hiki nimekivaa miaka miwili."

Ala mpya alimshonea fundi wa ngozi wa Ngamiani. Alilowesha ngozi nene, akaivika kigogo alichokichonga kwa umbo la bastola, akaiminya kwa vidole mpaka umbo likajichora, akaianika kivulini. Mdomoni akaongeza utepe wa pili wa ngozi ili usilale bastola ikitoka. Ukiipindua juu chini, bastola tupu haidondoki. Kwangu mimi hiyo ndiyo ala. Kisichoweza hayo ni mfuko tu.

Iko pia ya plastiki ngumu iitwayo Kydex, iliyobuniwa Marekani mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Kwa joto letu ina faida kubwa, kwa sababu hainywi jasho. Ngozi hunywa jasho na chumvi, na chuma kikilala humo kitashika kutu. Mwenye ala ya ngozi asiilaze bastola ndani yake: aitoe, aifute, aipake mafuta kidogo, aifungie kabatini.

Ala inahitaji mkanda mpana na mgumu. Bastola ya ukubwa wa kati ikijazwa risasi 15 inakaribia gramu 850, na mkanda mwembamba utainamisha mpini nje, shati liinuke, kila mtu sokoni aone. Msuli na kikoi havifai kabisa, havina pa kuishikiza.

Mjomba sasa akiirudisha bastola hana haraka. Kidole kimenyooka nje ya duara, mkono wa kushoto umekusanya shati pembeni, macho yako kwenye mdomo wa ala mpaka bastola ikae.