Kinga ya jua haing'arishi

"Chukua hii kinga ya jua, dada. Wiki mbili tu, rangi inafunguka." Ni mara ya nne mwaka huu naambiwa hivyo Kariakoo, na safari hii nimeona niandike.

Kinga ya jua ni chochote kinachokaa kati ya ngozi na miale ya jua: kofia pana, mikono mirefu, mwavuli, losheni yenye namba ya SPF, yaani kipimo cha nguvu yake ya kukinga. Ukipaka ya kutosha, namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza ngozi; haina maana ya saa 30. Ukiwa juani unapaka tena kila baada ya saa mbili. Hayo ndiyo ya kwenye chupa.

Kinachonikera ni neno lenyewe, maana watu wa Dar tunalijua kwa vitendo. Bomba limekauka siku ya tatu, mara mvua ya masika inashuka: tunakimbilia ndoo, tunakinga maji. Ndoo inakaa chini ya bati, maji yanaishia humo, hayafiki chini. Kukinga ni kuweka kitu njiani ili kinachokuja kiishie hapo. (Ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni nyingine, ni kijinga cha moto.) Na ndoo haijawahi kupaka sakafu rangi.

Mkorogo, yaani krimu ya kung'arisha ngozi kama ile niliyouziwa kwa jina la kinga, haukai njiani. Unaingia kwenye ngozi na kupunguza melanini, rangi ya asili ya ngozi, ambayo ndiyo kinga tuliyozaliwa nayo. Ni sawa na fundi akung'olee bati halafu akudai hela ya paa. Tena kemikali za haidrokwinoni na zebaki, zinazokutwa humo mara nyingi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini.

Kule Moshi, hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun, namba 30, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Wanaipaka wasipate saratani ya ngozi. Habari ya kung'aa haimo.

Nilipomwomba yule dada muuzaji wa Kariakoo losheni ya kukinga kweli, aliinama rafu ya chini, akaifuta vumbi chupa moja. "Hii? Hii haing'arishi, nakwambia mapema." Nikalipa.

Kwa hiyo dada yangu, biashara ni yako, siingilii. Ila kile kikopo cha juu kiite krimu ya kung'arisha. Jina la kinga liachie chupa yenye vumbi.