Tafadhali, Usiniombe Rezolusheni Tena

Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Kijana ameingia ofisini kwangu hapa Kisumu na flashi mkononi, anataka bango la ncha ya kaskazini ya Mirihi kwa klabu ya sayansi. Picha imejaa ukungu, kreta zimeyeyuka kama mafuta ya mgando juani. "Bosi, nitafutie data yenye rezolusheni kubwa zaidi." Nikashusha pumzi.

Data aliyonayo ni ya MOLA, ile leza iliyopanda na Mars Global Surveyor ikapima miinuko ya sayari hadi 2001. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, inafunika mita 463 za ardhi; hiyo ndiyo rezolusheni yake. Kuanzia latitudo 60 hadi nchani na kuvuka upande wa pili, kwenye stereografia ya ncha (projeksheni, yaani namna ya kulaza sayari ya duara kwenye karatasi bapa, inayoweka ncha katikati), ni kilomita 3,600 na ushee. Gawanya: pikseli 7,800 hivi. Karatasi ya A1 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji kama 7,000 upande wake mfupi. Zinatosha na chenji inabaki.

Kosa liko hapa. Alichukua faili la sayari nzima akaiambia gdalwarp, programu ya kubadilisha projeksheni, ilipeleke kwenye stereografia ya kaskazini, basi. Kwenye projeksheni hiyo ncha ya kusini iko mbali kusikokuwa na mwisho. Programu, kwa utiifu wake, inajaribu kuifuata huko, inapiga hesabu ya pikseli kubwa za kufunika safari yote, na kaskazini unakokutaka wewe kunaambulia pikseli za kuhesabika. Hata umpe faili la mita 5 atapata ukungu uleule, ila atausubiri hadi usiku. Kata kwanza kila kilicho kusini mwa 60, kisha taja mwenyewe ukubwa wa pikseli. Usiiachie programu ikubahatishie.

Ila namwelewa. Sisi tumesomea ramani kwenye ikweta. Kibao chake kiko pale Maseno, watu wanapigia picha. Ukifungua data ya kaunti yoyote ya huku kwa digrii tupu, bila projeksheni, duara linabaki duara. Hata Moyale, digrii ya longitudo imepungua kwa kama asilimia 0.2 tu. Mtu anamaliza chuo akiamini kwamba pikseli ya digrii ni mraba popote iendapo. Sasa mpe Mirihi. Faili hilo lina pikseli 46,080 kwa kila safu, iwe ya ikweta au ya nchani. Kwenye latitudo 60 upana wa pikseli umebaki nusu. Kwenye 80, ni mita 80 hivi. Safu ya mwisho kabisa inazunguka duara lisilofika kilomita moja na nusu, kwa hiyo kila pikseli ina upana wa sentimita 3! Hakuna leza iliyopima sentimita 3 kutoka angani. Ni namba chache zilizonyooshwa zijaze safu.

Nodata, namba inayoashiria mahali pasipo na kipimo: itangaze, -32768, la sivyo itachanganywa na majirani na utapata mashimo ambayo Mirihi haina. Ukiona kreta mbili mbili baada ya kupandanisha tabaka, hilo si suala la ubora. Tabaka moja linahesabu latitudo kutoka kitovu cha sayari na jingine kwa mstari unaosimama wima juu ya uso wake. Karibu na latitudo 45 tofauti inafika kilomita 20.

Linaloniudhi hasa ni kivuli cha milima, kile kinachochorwa kutokana na mwinuko ili miteremko ionekane. Wanakitengeneza kwenye faili la digrii, halafu ndipo wanabadilisha projeksheni. Kwenye latitudo 80, programu ya kivuli inadhani pikseli zimeachana mita 463 kumbe ni 80, kwa hiyo miteremko ya mashariki na magharibi inalazwa chini kama imepigwa pasi. Badilisha projeksheni ya mwinuko kwanza, kivuli baadaye. Na ukibadilisha, usiache njia ya jirani wa karibu, ambayo gdalwarp huitumia usipoiambia lolote. Njia hiyo haibuni namba, inanakili tu iliyo karibu, kwa hiyo mwinuko unakuwa ngazi. Kwenye mwinuko wenyewe huzioni ngazi hizo. Weka kivuli, zinajitokeza kama mabati ya mgongo, na hapo ndipo mtu anakuja kuniambia data ni mbovu. Kwa ramani ya aina za miamba, sawa, itumie: wastani wa mwamba namba 3 na namba 7 ni namba 5, na hiyo 5 ni mwamba mwingine kabisa. Kwa mwinuko, tumia bilinia au kyubiki, njia zinazochanganya namba za pikseli jirani.

Ipi kati ya hizo mbili? Mimi huchagua kwa macho. Kyubiki inapendeza ikichapwa, lakini kwenye kingo kali za kreta inaweza kupandisha ukingo mita kadhaa ambazo leza haikuzipima. Nimeshauza mabango ya namna hiyo. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kumwambia mnunuzi.

Tumekata, tumetaja 463, bilinia, kivuli mwishoni. Dakika chache. Kijana akainama juu ya bango, akaweka kidole katikati kabisa: "Na hapa mbona laini kuliko kwingine?" Nikamwambia chombo kile hakikupita juu ya ncha yenyewe, njia zake za kawaida ziliishia karibu na latitudo 87. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo hapo ndipo tutafute yenye rezolusheni kubwa?"