Columbus hakubishana na mtu kuhusu umbo la dunia

Hadithi yenyewe unaijua: mwaka 1492 wasomi wa Ulaya waliamini dunia ni bapa kama sinia, Columbus peke yake akajua ni mviringo, akaenda kuwaumbua. Ukitoa mwaka, hakuna la kweli humo. Mwandishi wa Marekani, Washington Irving, ndiye aliyeivumisha sana, katika wasifu wa Columbus alioutoa 1828 na kuutia chumvi ya kutosha. Tangu karne ya 4 KK Aristotle alikwishaeleza kwamba mwezi unapopatwa, kivuli cha dunia juu yake huwa na ukingo wa duara, na vyuo vya Ulaya vilifundisha hivyo karne nyingi kabla ya Columbus.

Ubishi ulikuwa juu ya ukubwa, na hapo Columbus ndiye aliyekosea. Alichukua kipimo cha al-Farghani, mtaalamu wa nyota wa karne ya 9, maili 56 na theluthi mbili kwa kila nyuzi moja ya mzingo wa dunia, akakisoma kwa maili ya Kirumi (mita 1,480 hivi) badala ya maili ya Kiarabu iliyo ndefu zaidi. Mzingo wa dunia ukasinyaa hadi kilomita 30,000 hivi, wakati ni 40,000. Juu ya hapo akairefusha Asia kuelekea mashariki. Kwa hesabu yake, kutoka visiwa vya Canary hadi Japani ni kilomita 4,400 hivi. Kweli ni zaidi ya 19,000. Waliompinga walikuwa sahihi, na kama bara la Amerika lisingekuwa njiani, mabaharia wake wangeisha kwa njaa na kiu.

Kipimo kizuri kilikuwapo tangu Eratosthenes, msomi wa Kigiriki wa karne ya 3 KK: jua la saa sita likiwa utosini Syene (Aswan ya leo), Aleksandria kivuli kilionyesha nyuzi 7.2, yaani sehemu moja ya 50 ya duara. Umbali kati ya miji hiyo ukazidishwa kwa 50, basi.

Unaweza kurudia. Tafuta mwenzako aliye kaskazini au kusini yako, tuseme kilomita 500 zilizonyooka kwenye ramani. Za barabara hazifai. Kila mmoja asimamishe fimbo ya mita 1 kwa timazi, siku moja, na apime kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Usifuate saa ya ukutani, maana saa sita ya jua hutofautiana nayo. Gawanya kivuli kwa urefu wa fimbo, kisha bonyeza tan⁻¹ kwenye kikokotoo. Kivuli cha sm 20.0 ni nyuzi 11.31, cha sm 28.3 ni nyuzi 15.80. Tofauti ni 4.49. Gawanya 360 kwa 4.49, zidisha kwa 500: kilomita 40,100 hivi. Jua likiwa katikati yenu, vivuli vikielekea pande tofauti, jumlisha nyuzi badala ya kutoa.

Kinachoharibu zaidi ni ncha ya kivuli. Jua si nukta, kwa hiyo fimbo ya mita 1 huacha ukungu (kivuli hafifu) wa karibu sm 1 mwishoni. Mmoja akipima mwanzo wa ukungu na mwingine mwisho wake, 28.3 inakuwa 29.3 na dunia inapungua hadi kilomita 35,900. Pimeni wote katikati ya ukungu. Fimbo iliyoinama nyuzi moja tu ni mbaya zaidi: jibu linapotea kwa takriban robo.

Wengi hudhani fimbo mbili zinathibitisha dunia ni tufe. Hapana. Vivuli hivyo hivyo vingepatikana kwenye dunia bapa yenye jua lililo kilomita 6,000 tu juu. Eratosthenes alikwishajua umbo, alitafuta ukubwa. Fimbo ya tatu ndiyo inayoamua, tena iwe mbali. Kilomita 2,000 kutoka ile ya kwanza (ya kivuli cha sm 20.0), kwenye mstari uleule kupita ile ya pili, dunia bapa ingetoa kivuli cha sm 53. Tufe inatoa sm 56.