Waini ya Dodoma: mambo tunayodanganyana kabla hata hatujapanda treni

Kila nikimwambia mtu wikiendi hii naenda Dodoma swali la kwanza ni lile lile, "una semina?" Yaani kwa Watanzania wengi Dodoma ni Bunge, ni posho, ni kufuatilia barua wizarani halafu unageuza, na ukisema unaenda kunywa waini, kula na kuangalia miamba unaonekana una matatizo yako binafsi. Nimeshabishana sana kuhusu hili, ngoja niyaweke hapa niliyochoka kuyarudia.

"Kule jangwa, zabibu zinaota wapi?"

Sio jangwa, ni nusu kame, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mvua inanyesha kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inaanza Desemba inaishia Machi au Aprili, baada ya hapo unaweza kukaa miezi mingi hujaona tone. Kwa mahindi huo ni msiba. Kwa mzabibu wala, kwa sababu adui mkubwa wa zabibu ni unyevu unaokaa kwenye majani na vichala, hapo ndo magonjwa ya ukungu kama ubwiri vinyoya yanapoingia, mkulima anaanza kukimbizana na dawa kila baada ya siku kadhaa. Hewa ikiwa kavu magonjwa yanapungua, jua linapiga vizuri, sukari inapanda kwenye tunda. Maji yanayotakiwa unaupa mzabibu mwenyewe kwenye mizizi, nenda Chinangali kule Chamwino uone mipira ya umwagiliaji wa matone ilivyopita kwenye mistari. Alafu watu wanasahau Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mchana unaiva ila usiku wa Juni na Julai utalitafuta sweta ulilolicheka wakati wa kufunga begi.

Kwa hiyo ule ukame tunaoutania ndo unaotengeneza waini. Na zile hadithi za Ugogo ni njaa tu zinanikera kidogo, kwa sababu wanaolima zabibu Hombolo, Mpunguzi na Mbabala kwa sehemu kubwa ni hao hao wakulima wadogo wa Kigogo wenye eka moja, mbili, sio mzungu mwenye kofia pana.

"Nitaenda wakati wa mavuno, ni mwezi gani?"

Ni miezi gani, sema hivyo. Ulaya kuna baridi kali, mzabibu unalala, ukiamka unazaa mara moja basi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, anayeuamsha ni mkulima kwa mkasi, anapogolea halafu anahesabu miezi minne na ushee mpaka kuvuna, ndo maana wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kuna mavuno ya Februari na Machi wakati wa mvua na kuna ya Agosti na Septemba wakati wa kiangazi. Ukiniuliza mi nakwambia njoo Agosti, zabibu za kiangazi zina sukari ya kutosha, na tarehe nane kuna Nanenane pale Nzuguni. Ubaya wake ni vumbi na upepo, nguo nyeupe acha nyumbani. Ila kama unataka picha za kijani njoo Februari, utashangaa kama ni mkoa ule ule.

"Ni juisi yenye pombe"

Hapa tukae kidogo. Mtu akisikia waini ya Dodoma anawaza Dompo, tamu, nyekundu, inayokupiga kichwa cha asubuhi, basi ameshafunga kesi. Tamu zipo na zinauzwa sana kwa sababu sisi wanywaji ndo tunazipenda, mwenye kiwanda anatengeneza kinachotoka dukani. Lakini zabibu zenyewe sio za aina moja. Kuna nyekundu inaitwa Makutupora, jina la hapo hapo Dodoma kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, kuna Chenin Blanc nyeupe, kuna Syrah na Cabernet Sauvignon, na kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo kilianzishwa na Waitaliano wakaja na aina za kwao kama Teroldego na Aglianico. Ndani ya tenki hamira inakula sukari ya zabibu inaigeuza pombe, ikiimaliza karibu yote unapata drai, ikizuiwa njiani au ikiongezewa sukari unapata tamu. Drai maana yake sukari imeisha, haimaanishi kali wala imeharibika, nimeshamuona mtu anarudisha glasi kwa mhudumu anasema hii imechacha, kumbe ndo ilivyo. Soma lebo. Ukiona drai nunua hiyo ndogo kwanza, kunywa na chakula, usinywe kavu kavu kama bia alafu useme mbaya.

Ofkozi sio zote nzuri. Zipo zinazonukia kama siki na zipo zilizopikwa na jua la dukani, na hapo nahamia kwenye linaloniuma zaidi.

"Waini nyekundu haiwekwi kwenye friji, inanyweka kwa joto la chumba"

Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa kwenye nyumba za mawe huko Ulaya zenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Dodoma mwezi wa kumi na moja ni nyuzi 28 mpaka 30, ukiinywa hivyo unasikia pombe tupu puani na utamu wa zabibu umepotea. Iweke kwenye friji nusu saa, toa, mimina, hakuna polisi atakayekuja. Nyeupe iache ipoe kabisa. Na chupa iliyosimama dirishani dukani inapigwa jua toka mwezi wa sita usiinunue hata kwa punguzo, ile imeshaiva mara ya pili.

"Ikikaa miaka mingi ndo inazidi kuwa nzuri". Hapana bana. Chache sana duniani zimetengenezwa za kukaa, hizi zetu nyingi ni za kunywewa mapema, ile chupa uliyopewa kwenye harusi ukaificha kabatini miaka tisa sasa hivi ni ya kusafishia sinki.

"Nitazunguka viwanda vyote, kila geti wananionjesha"

Hiyo ni Stellenbosch kule Afrika Kusini, wamekuwa na biashara hiyo muda mrefu. Dodoma viwanda ni vya kazi, mgeni unapokelewa ila mpaka wajue unakuja. Mi mara ya kwanza nilienda Jumapili bila kupiga simu, mlinzi akaniangalia kwa huruma akasema "ndugu yangu, leo ni siku ya Bwana", nikarudi na bodaboda yangu. Piga simu siku mbili tatu kabla, nenda siku ya kazi, na ukiweza pita shambani kwa mkulima asubuhi, ukimsalimia "mbukwenyi" mambo yanakuwa rahisi zaidi. Wakulima wengine wanakamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu viwandani, muulize akuelezee, utajifunza kuliko kwenye brosha yoyote. Alafu ukionja usiendeshe, barabara ya Hombolo usiku ina ng'ombe.

"Chakula hamna"

Sasa hapa nacheka. Jumamosi nenda mnada wa Msalato, unachagua mbuzi anachomwa unaona, ndizi pembeni, pilipili na chumvi kwenye karatasi, na kile kipande cha mbavu kinaenda na nyekundu drai vizuri kuliko hoteli yoyote niliyowahi kukaa. Kuku wa kienyeji na Chenin Blanc ya baridi, usinishukuru. Ugali wa uwele na mlenda uliowekwa karanga lazima ule, ndo chakula chenyewe cha Ugogo, ila mlenda na waini nimejaribu mara mbili na sijarudia, kunywa maji tu.

"Hakuna cha kuangalia" wanasema waliolala hoteli ya katikati ya mji wakaondoka. Miamba mikubwa imepandiana kama mtu aliipanga, mibuyu imesimama haina jani hata moja miezi na miezi huku imejaza maji tumboni, bwawa la Hombolo saa kumi na mbili jioni. Ukiwa na siku ya ziada panda mpaka Kolo, Kondoa, kama kilomita 180 na ni lami, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, utakuta twiga na watu wenye vichwa vya ajabu waliochorwa kwa rangi nyekundu na watu walioishi hapo zamani sana kabla yetu.

Umbali nao sio sababu tena, treni ya SGR toka Dar imeanza 2024 na ni saa nne hivi au pungufu. Chupa zako zifunge na nguo katikati ya begi. Zabibu za barabarani nunua siku ya kuondoka, sio siku ya kufika, onja moja kabla ya kulipa na usikubali zifungwe kwenye mfuko wa nailoni, zitatoa jasho na ukifika Dar utakuwa umebeba uji.